Semei Kakungulu, jemadari wa Uganda aliyegeuka Muyuda

Wafanya biashara wa Butembo na Beni wanaovuka mpaka wa Kasindi mara nyingi wanaishia Kampala. Wachache ndio wanaendelea mpaka Mbale, kule mashariki, chini ya mlima Elgon. Kwenye vilima vya kando ya mji huo kuna wakaaji Waafrika ambao ni Wayuda. Hawakutoka Israeli. Walianza na mtu mmoja, yule yule aliyeujenga mji wa Mbale: Semei Kakungulu.

Alizaliwa karibu mwaka 1869, akakomea Kooki, kusini mwa Uganda. Akiwa kijana alienda Buganda, akatumikia mfalme Mwanga, akawinda tembo, akapokea dini ya Waprotestanti. Katika vita vya dini vya miaka ile alijulikana kama mpiganaji hodari. Lakini Buganda ilikuwa na mkubwa mwingine, Apolo Kagwa, na fahali wawili hawakai zizi moja.

Mwaka 1899 Kakungulu alisaidia Waingereza kukamata wafalme wawili mara moja: Mwanga, bwana wake wa zamani, na Kabalega wa Bunyoro. Alitumaini watamlipa kwa kumfanya mfalme wa inchi za mashariki. Akaenda na bunduki, akateka Bukedi, akapasua barabara, akapanda miti, akajenga ngome Budaka na kisha Mbale. Haifai kuficha kwamba wenyeji wa kule hawakumuita, na wengi walinyang'anywa ng'ombe wao.

Ufalme haukukuja. Waingereza walileta maofisa wao, wakamuachia ardhi kando ya Mbale. Mwaka 1906 wakamuweka mkubwa wa baraza la Busoga, na 1913 kazi hiyo pia ikaisha.

Akarudi Mbale na uchungu, akashika Biblia. Aliingia kwa Wamalaki, kanisa lililopumzika siku ya posho kama Waadventisti wa huku, lakini lenye kukataa dawa za hospitali na hata chanjo ya ng'ombe. Serikali ikamchukia zaidi. Katika kusoma Agano la Kale akafikia amri ya kutahiriwa, akaona hakuna namna ya kuiruka. Wenzake wakamuonya kwamba hayo ni mambo ya Wayuda. Akajibu kwamba basi, kama ni hivyo, yeye ni Muyuda. Mwaka 1919, akiwa na miaka kama 50, alitahiriwa pamoja na watoto wake wanaume. Kwa Muganda wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Mwaka 1920 Muyuda mmoja mzungu, anayekumbukwa kwa jina la Yusufu tu, alikaa nao miezi kama 6, akawafundisha sikukuu na namna ya kuchinja. Hapo ndipo waliacha ubatizo. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha sala na sheria kwa Kiganda.

Alikufa tarehe 24 Novemba 1928. Wengi wakarudi ukristoni. Halafu Idi Amin akakataza dini yao, wakabaki kama watu 300, wakisali kwa kujificha.

Walivumilia. Mwaka 2002 marabi kutoka ngambo walikuja kuwapokea wazi katika uyuda. Na mwaka 2004 walianza kuuza kahawa ya Elgon katika koperative moja pamoja na jirani zao Waislamu na Wakristo.