Bartolomé de las Casas: Toba Irudishayo

Twapenda kuwasimulia habari za padre mmoja wa Hispania, Bartolomé de las Casas. Mwaka 1502 alitoka kwao Sevilla, akavuka bahari mpaka visiwa vya Amerika vilivyotekwa na Wahispania. Huko mabwana waligawiwa wenyeji wawalimie mashamba na kuwachimbia dhahabu, nao wakafa wengi kwa kazi, njaa na maradhi. Las Casas naye alikuwa na watu wake, wala hakuwaacha alipopata upadre.

Mwaka 1514, katika kisiwa cha Kuba, alikuwa akitengeneza mahubiri ya Pentekoste. Akasoma sura ya 34 ya Yoshua bin Sira, ifundishayo ya kuwa Mungu hapendezwi na sadaka iliyotoka katika dhuluma, na ya kuwa amnyimaye kibarua ujira wake ni kama mwuaji. Neno hilo likamchoma moyo. Wala hakutosheka na machozi ya faraghani: alimwendea liwali, Diego Velázquez, akawatoa mikononi mwake wenyeji wote aliopewa, kisha, tarehe 15 Agosti, akayatangaza hayo kanisani mbele ya mabwana wenzake.

Lakini macho yake yalikuwa hayajafumbuka yote. Mwaka 1516 alishauri watumwa wapelekwe huko ili wenyeji wapumzike, na miongoni mwao watu weusi. Sisi Waafrika hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Hata baadaye akatambua kwamba utumwa wa watu weusi ni dhuluma ile ile, akajihukumu mwenyewe katika kitabu chake cha historia, kilichopigwa chapa mwaka 1875. Walakini waliokwisha kuchukuliwa hawakurudi kwao.

Alipokuwa askofu wa Chiapas, mwaka 1545, aliwakataza mapadre wasiwatamkie ondoleo wale waliokataa kuwaachilia watumwa wao na kurudisha walivyonyang'anya. Wakubwa wakamchukia sana. Mwaka 1547 akarudi Hispania, akaendelea kuwatetea wenyeji mbele ya mfalme mpaka alipokufa mjini Madrid, mwaka 1566.

Ndugu zetu walimu, sisi Walutheri twajua kwamba msamaha haununuliwi kwa matendo; ni neema tupu. Lakini Zakayo alipokwisha kumpokea Bwana nyumbani mwake, ndipo aliposimama kuahidi kurudisha mara nne. Neema iliingia kwanza, na mali ya watu ikatoka nyuma yake. Basi ajapo mtu kuungama kwamba amemdhulumu mjane shamba lake, au amemnyima kibarua mshahara wake, tumtangazie neema ya Kristo kwa furaha. Kisha tumwulize kwa upole, shamba li wapi, na mshahara u wapi. Tena tusikawie kuuliza. Las Casas alijua jinsi kukawia kunavyowagharimu wengine.