Maisha ya Bibi Harriet Tubman

Likizo iliyopita, nyumbani Mang'ola, kijana mmoja jirani yetu alianguka kifafa kando ya shamba la vitunguu. Ugonjwa huo ulimwanza baada ya kuumia kichwa katika ajali ya pikipiki. Watu walikimbia wakisema povu lake huambukiza, na mimi nilikimbia pamoja nao. Niliporudi shuleni nilisoma habari za Bibi Harriet Tubman, nikaona haya.

Bibi huyu alizaliwa mtumwa, yapata mwaka 1822, katika jimbo la Maryland, Marekani. Alipokuwa angali msichana, msimamizi mmoja alimtupia mtumwa aliyekuwa akitoroka jiwe la mizani la uzito wa ratili 2. Jiwe lilimkosa yule, likampiga Harriet kichwani. Tangu siku hiyo akawa akishikwa ghafula na usingizi mzito, hata katikati ya mazungumzo. Wataalamu wengi hudhani kuwa kilikuwa kifafa kilichotokana na jeraha hilo.

Hata hivyo, mwaka 1849 alitoroka. Kisha alirudi mara 13 hivi, akawaokoa watu wapatao 70. Aliposhikwa njiani, wenzake walimngojea mpaka azinduke. Mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliwaongoza njia askari wa Serikali katika mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakapata uhuru. Alifariki tarehe 10 Machi, 1913.

Mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake, Daktari Alfred Hauptmann wa Ujerumani alitangaza kuwa fenobabitoni huzuia kifafa. Dawa hiyo ilimchelewea Bibi Harriet, lakini sisi tunayo. Siku hizi aliyeumia vibaya kichwani huweza kupewa dawa ya kuzuia degedege kwa siku 7 za kwanza, ingawa haizuii kifafa kuja baadaye. Kikija, mgonjwa humeza vidonge kila siku, wala haachi pasipo kuambiwa na daktari. Akianguka, tumlaze ubavu, tusimtie kitu kinywani. Kifafa hakiambukizi.

Wenzake Bibi Harriet walikaa naye, ingawa walikuwa wakiwindwa. Mimi sikuwindwa na mtu, nami nilikimbia. Likizo ijayo nitakwenda kwa jirani yangu kumwomba radhi.