Ashoka: Mtawala Aliyejuta

Mwanafunzi, katika vitabu teule utakutana na viongozi wanaobadilika na wengine wanaojifanya wamebadilika. Ili ujifunze kuwatofautisha, fuatilia maisha ya Ashoka, mfalme wa India ya kale.

Ashoka alikuwa mwana wa Bindusara na mjukuu wa Chandragupta, mwasisi wa milki ya Maurya. Alitawala kuanzia yapata mwaka wa 268 K.K. hadi 232 K.K. Mji wake mkuu ulikuwa Pataliputra, ambao leo unaitwa Patna. Alirithi milki kubwa, lakini Kalinga, nchi iliyokuwa pwani ya mashariki, haikuwa chini yake.

Miaka minane baada ya kutawazwa, aliivamia na kuiteka Kalinga. Kwa hesabu aliyoamuru ichongwe mwambani, watu 100,000 waliuawa, 150,000 wakahamishwa kwa nguvu, na wengine wengi zaidi wakaangamia. Zingatia kwamba hesabu hii haikutolewa na adui zake. Wafalme wengi wa kale walitaja idadi ya waliouawa ili kujisifu; Ashoka aliitaja ili kutangaza majuto yake.

Baada ya vita hivyo, alijikita katika mafundisho ya Kibuddha, na matendo yake yakabadilika. Aliamuru miti ya kivuli ipandwe na visima vichimbwe kando ya barabara. Aliagiza matibabu kwa binadamu na wanyama. Alipunguza mno idadi ya wanyama waliochinjwa kwa ajili ya jikoni mwake. Aliwahimiza raia waheshimu dini za wenzao. Amri hizi zilichongwa kwenye miamba na nguzo, nyingi zikiwa katika lugha za watu wa kawaida wala si za wasomi. Kule Kandahar, Afghanistan, ziliandikwa kwa Kigiriki na Kiaramu ili wenyeji wazielewe.

Hata hivyo, usiharakishe kumsifu. Kalinga haikurudishiwa uhuru wake. Katika tangazo lile lile la majuto, aliwaonya watu wa misituni kwamba bado alikuwa na nguvu za kuwaadhibu. Hakufuta hukumu ya kifo. Aliwapa waliohukumiwa siku tatu tu kabla ya kunyongwa au kuuawa. Isitoshe, maandishi yake ya Dhauli na Jaugada, yaliyo ndani ya Kalinga yenyewe, hayana tangazo hilo. Badala yake, yana maagizo ya kuwataka maofisa wawatendee watu haki. Majuto yalitangazwa kwingine, si mbele ya waliofiwa.

Milki ya Maurya ilianguka yapata mwaka wa 185 K.K., na baadaye hati ya Kibrahmi iliyotumiwa kuandika amri nyingi ikasahaulika. Mwaka wa 1837, James Prinsep alifanikiwa kuisoma tena. Leo, simba wa nguzo ya Ashoka kule Sarnath ndio nembo ya taifa la India.

Kumbuka: unapomchambua mhusika anayetubu, usitosheke na maneno yake. Chunguza alichokirudisha, alichobaki nacho, na aliowaomba radhi.

Swali
Toba ya Ashoka ilikuwa ya kweli lakini haikukamilika. Jadili. (alama 20)