Alberta Williams King: mama wa kinanda cha Ebenezer

Tarehe 30 Juni kila Mkongomani anaijua: ni siku ya uhuru wetu. Katika mji wa Atlanta, nchini Marekani, tarehe hiyo inakumbukwa kwa jambo lingine. Asubuhi ya Jumapili, 30 Juni 1974, mama mwenye umri wa miaka 69 alipigwa risasi kanisani mwao, akiwa ameketi mbele ya kinanda. Jina lake lilikuwa Alberta Williams King. Vitabu vingi vinampa mstari mmoja tu, kwamba alikuwa mama mzazi wa Martin Luther King. Mstari huo ni wa kweli, ila ni mfupi mno. Hapa tutajaribu kumsimulia kuanzia kwake mwenyewe.

Alberta alizaliwa Atlanta, katika jimbo la Georgia, tarehe 13 Septemba 1904. Baba yake, Adam Daniel Williams, alikuwa mchungaji wa Ebenezer, kanisa la Kibatisti la watu Weusi lililoanzishwa mwaka 1886. Alipolipokea mwaka 1894 lilikuwa na waumini 13 tu, na alilikuza hadi likajulikana mjini kote. Mama yake, Jennie Celeste Parks, alikuwa nguzo ya akina mama wa kanisa. Nyumba yao ilikuwa katika barabara ya Auburn, na kanisa lilikuja kujengwa katika barabara hiyohiyo, hatua chache kutoka mlangoni. Binti huyo alikua akipita kati ya milango hiyo miwili, na kanisa hilo hakuliacha hadi kufa kwake.

Wazazi wake walimsomesha, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa msichana Mweusi wa wakati ule. Alisoma sekondari Spelman, kisha akaenda Hampton, katika jimbo la Virginia, na mwaka 1924 akapata cheti cha ualimu. Alifundisha muda mfupi tu, kwa maana shule za Atlanta hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kuendelea kufundisha. Tarehe 25 Novemba 1926 aliolewa, na kazi ya darasani ikaishia hapo.

Bwana arusi aliitwa Michael King, mtoto wa wakulima maskini wa Stockbridge, aliyeingia mjini akiwa na elimu ndogo sana. Dada yake alipanga katika nyumba ya akina Williams, na kwa njia hiyo vijana hao wakafahamiana. Bibi arusi alikuwa amesoma kumpita mume wake. Mume alirudi kwenye masomo na kumaliza Morehouse mwaka 1930. Baadaye alibadili jina lake na la mwanawe, wote wawili wakaitwa Martin Luther. Mama naye, akiwa tayari na watoto watatu, alipata digrii yake katika chuo cha Morris Brown mwaka 1938.

Watoto hao walizaliwa katika nyumba ileile ya babu: Christine mwaka 1927, Martin mwaka 1929 na Alfred Daniel mwaka 1930. Mzee Williams alipofariki mwaka 1931, mkwe wake alichukua mimbara. Martin alikuja kuhubiri hapo pamoja na baba yake kuanzia mwaka 1960, na baada ya kifo chake mdogo wake Alfred akashika nafasi hiyo. Historia ya Ebenezer huwa inaandikwa kwa kufuata majina hayo manne ya wanaume. Lakini tukiuliza mimbara ile ilipitia kwa nani, jibu ni moja: kwa Alberta. Alikuwa binti wa mchungaji, mke wa mchungaji na mama wa wachungaji wawili. Wanaume walipokezana, yeye akabaki palepale.

Mahali pake palikuwa kwenye kinanda. Aliunda kwaya ya Ebenezer, na kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, miaka 40 kamili. Kati ya mwaka 1950 na 1962 alipiga pia katika mikutano ya akina mama wa Mkutano wa Kitaifa wa Wabatisti. Martin alipokuwa mtoto mdogo alipelekwa kuimba katika makanisa mbalimbali, na mama yake ndiye aliyempigia. Sisi wanafunzi wa lugha tunasoma hotuba za Martin na kuhesabu marudio yake, vituo vyake, jinsi sauti inavyopanda. Katika makanisa ya Weusi wa Marekani, mhubiri na kinanda hujibizana. Ni haki basi kudhani kwamba sikio la mwana lilifundishwa kwanza na mikono ya mama.

Maneno ya mama pia yalimfaa. Martin alipokuwa na umri wa kuanza shule, rafiki yake Mzungu alikatazwa na wazazi wake kucheza naye. Mama alimpakata, akamweleza habari za utumwa na ubaguzi kwa lugha ambayo mtoto angeielewa, kisha akamhakikishia kwamba yeye si mdogo kuliko mtu yeyote. Mwana hakusahau somo hilo, akaja kuliandika alipokuwa mtu mzima.

Tusimfanye malaika. Mnamo Desemba 1939, Wazungu wa Atlanta walifanya karamu ya kusherehekea filamu ya Gone with the Wind. Kwaya ya Ebenezer ilikubali kuimba pale, waimbaji wakiwa wamevaa kama watumwa, mbele ya wageni Wazungu peke yao. Alberta aliiongoza kwaya hiyo, na Martin mwenye miaka kumi alikuwamo. Wachungaji wengine Weusi walikasirika. Mama huyo alikuwa mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na bado usiku ule alisimama pale. Anayetaka kuelewa uzito wa ubaguzi wa siku zile asiuruke usiku huo.

Misiba ilimjia uzeeni. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin aliuawa Memphis. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Alfred alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea nyumbani kwake. Mama alizika wana wawili katika muda wa miezi 16, na akaendelea kuja kanisani.

Kinanda alikuwa amekiacha rasmi mwaka 1972. Hata hivyo, Jumapili ile ya mwaka 1974 alikuwa amekikalia tena. Kijana wa miaka 23, mgeni kutoka Ohio, aliinuka kati ya waumini akafyatua risasi. Alberta na shemasi Edward Boykin walikufa, na mwanamke mmoja akajeruhiwa. Muuaji alieleza baadaye kwamba alimlenga mchungaji, ila mama ndiye aliyekuwa karibu.

Mahakama ilimhukumu kijana huyo kifo. Familia ya King ilipinga adhabu ya kifo, hata kwa mtu aliyemuua mama yao, na hatimaye hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Mzee King, aliyepoteza wana wawili na mke katika miaka sita, alikataa kumchukia. Aliacha mimbara mwaka 1975, akafariki mwaka 1984.

Katika makanisa yetu pia yupo Mama Pasta, anayefundisha nyimbo, anayejua mgonjwa ni nani na nani hakuja Jumapili. Jina lake halionekani kwenye ubao wa wachungaji waliopita. Atakayeandika historia ya kanisa lake aanze kwa kumuuliza yeye, angali hai.