Heinrich Barth, Muzungu Aliyejifunza Luga za Jangwa

Katika masomo ya jeografia tunasikia majina ya wazungu wengi waliotembea Afrika. Leo tunataka kusema habari ya mumoja wao, Heinrich Barth. Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1821. Alisoma mingi, na Kiarabu alikijua mbele ya kuingia Sahara.

Wakati ule hapakuwa motokari wala ndege. Watu walipita jangwa kwa miguu na kwa ngamia, kutoka kisima hata kisima. Mwaka 1850 serikali ya Uingereza ilituma watu watatu kutoka Tripoli: James Richardson, mukubwa wa safari, na Wajerumani wawili, Barth na Adolf Overweg. Kazi yao ilikuwa kutafuta njia za biashara na kuchunguza biashara ya watumwa.

Karibu na muji wa Ghat, Barth alikwenda kuona mulima Idinen, akapotea. Maji yakamwishia. Kiu ilimushika sana hata akanyonya damu yake mwenyewe. Alikuwa amelala chini, hana nguvu tena, wakati Mutuareg mumoja alipopita na ngamia yake, akamupa maji. Tufikiri kidogo: masomo yote ya Ulaya hayakumusaidia siku ile. Aliyemuokoa ni mwenyeji aliyejua jangwa.

Richardson alikufa mwaka 1851, Overweg akamufuata mwaka 1852. Barth alibaki peke yake, lakini hakurudi. Aliendelea kujifunza luga za watu: Kihausa, Kikanuri, Kifulani, na luga ya Watuareg. Aliketi na wazee na wafanya biashara, akawauliza habari za wafalme wao na za njia zao, akaandika yote.

Katika muji wa Gwandu alisoma kitabu cha Kiarabu juu ya wafalme wa Songhai, kilichoandikwa Timbuktu zaidi ya miaka 150 mbele yake. Huko Ulaya wasomi wengi walizani Afrika haina historia. Kumbe ilikuwa imekwisha kuandikwa, na Waafrika wenyewe!

Mwaka 1853 alifika Timbuktu. Wengine walitaka afukuzwe ao auawe, sababu alikuwa Mukristo. Sheki Ahmad al-Bakkai, mwalimu mukubwa wa Waislamu, alimulinda kwa miezi mingi. Hivi Mukristo aliponea katika mikono ya Mwislamu.

Barth alirudi Ulaya mwaka 1855, akatoa vitabu vitano juu ya safari yake. Alikufa Berlin mwaka 1865, bado hajatimiza miaka 45.

Sisi wanafunzi tunakimbilia Kifaransa, na ni vizuri. Lakini wengine kati yetu wanaona haya kusema luga ya wazazi wao. Muzungu huyu alipita jangwa kutafuta maneno ya wazee wetu Waafrika. Sisi tunalala nao nyumba moja, na hatuwaulizi kitu. Likizo inakuja. Tuchukue kalamu na daftari, tuwaulize wangali wazima.