Habari za Shaaban Robert, Karani Aliyejipima kwa Kalamu

Ndugu wasomaji wa Same na wa milima ya Upare, reli ipitayo chini ya milima yetu huanzia Tanga. Karibu na mji huo, katika kijiji cha Vibambani, alizaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari, 1909. Jina la Robert lisitudanganye: alikuwa Mwislamu, naye aliishika dini yake.

Wazee wake walikuwa wa asili ya Wayao, lakini yeye alikua pwani, akakifanya Kiswahili kuwa lugha ya moyo wake. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akaingia kazi ya ukarani katika forodha, akakaa humo yapata miaka 18. Baadaye alihamia idara nyingine za serikali, na mwisho ofisi ya upimaji wa ardhi, Tanga.

Mchana aliandika hesabu na barua za wakubwa wake. Kazi ya namna hii huweza kumsahaulisha mtu kwamba anayo maneno yake mwenyewe. Tena katika siku zile za ukoloni karani Mwafrika, hata akiwa hodari, hakupata cheo kikubwa. Lakini saa zilizokuwa zake Shaaban alizitumia kutunga.

Ndipo msiba ukamfika. Mkewe Amina alifariki, akamwachia watoto wadogo. Hakunyamaza katika huzuni yake, bali alimtungia mkewe shairi la maombolezo. Naye hakuwa na mali nyingi ya kuwarithisha watoto. Basi akatunga tenzi mbili za maonyo, Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe. Twaona kwamba hapo alijipima sana, maana baba hawezi kumwambia mtoto njia iliyo njema asipojiuliza kwanza yeye mwenyewe anaenenda wapi.

Katika mwaka 1949 kilitoka kitabu chake Maisha Yangu, ambamo karani wa kawaida aliyaona maisha yake kuwa yastahili kuandikwa. Mwaka 1951 kilifuata Kusadikika, hadithi ya nchi ambayo Karama ashitakiwa kwa sababu ataka watu wafundishwe sheria. Hivyo aliyeanza kwa kujichunguza nafsi alifika hata kuyachunguza mambo ya nchi.

Alifariki Juni 1962, miezi michache baada ya Tanganyika kupata uhuru, naye alizikwa kwao Vibambani. Sehemu ya pili ya habari zake, Baada ya Miaka Hamsini, ilichapishwa pamoja na ile ya kwanza mwaka 1966.

Basi, ndugu, na ninyi walimu wa makanisa, wengi wetu twaandika kila siku majina katika daftari na hesabu za sadaka. Ni kazi njema. Lakini tusiache kuwa na daftari moja ambalo ndani yake twajiuliza sisi tu nani, na siku zetu twazitumia kwa kazi gani.