Joginder Singh na gari alilolitengeneza mwenyewe

Hapa Garsen siku hizi kijana akishika pesa kidogo hununua gari la chini, la mbio, lililotumika Japani. Haipiti muda, utalikuta limepandishwa juu ya matofali. Jirani yangu mmoja aliuza mbuzi akanunua la kwake. Vumbi na mashimo ya huku yakala shokomzoba, na alipoulizia bei Mombasa akaona mbuzi waliobaki hawatoshi. Aliponiambia anataka kujifunza kulitengeneza mwenyewe, nilimsimulia habari za Joginder Singh.

Huyu Kalasinga alizaliwa Kericho mwaka 1932. Babake alitoka Punjab, akafungua gereji, na mtoto akakulia chini ya magari, mikono imejaa grisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi ya kuzunguka barabarani akisaidia wenye magari yaliyokwama. Kazi hiyo haikuwa na fahari, lakini naona ndiyo iliyomjenga. Alijua ni kipi huvunjika kwanza, na kwa nini.

Mwaka 1965 akaingia mashindano ya Safari na Volvo PV544 kuukuu, iliyokwisha kushindana mwaka uliotangulia. Wengine waliletwa na viwanda, na mafundi na vipuri vyao. Yeye alikuwa na nduguye Jaswant kando yake, na gari walilolitayarisha wenyewe. Wakashinda, tena kwa zaidi ya saa nzima.

Asikudanganye mtu kwamba kujitengenezea ni bure. Spea utanunua, usiku utakesha, na ukikosea unalipa mara mbili. Unachookoa ni ujira wa fundi, na ule ugonjwa wa kubadilisha kifaa kizima ili kujua kama ndicho kilichoharibika.

Mwaka 1974 alikuwa na Mitsubishi Lancer 1600, gari dogo ambalo hapa mtu angelipita bila kugeuza shingo. Nyuma yake, nafasi ya pili, alikuja Björn Waldegård na Porsche 911, gari la mbio hasa. Ni kweli kwamba wakati huo Joginder naye alikuwa na kiwanda nyuma yake, gharama hazikuwa zikitoka mfukoni mwake peke yake. Lakini sikio la gereji ya Kericho hakuliacha. Mwaka 1976 akashinda tena, na Lancer vilevile, mtu wa miaka 44. Hakuna aliyewahi kushinda Safari mara tatu kabla yake.

Alifariki London, Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari aliianza mara 22, akafika mwisho mara 19. Hesabu hiyo mimi naithamini kuliko vikombe vyake vitatu. Anayebisha amuulize yeyote aliyewahi kulipia gari lake kuvutwa kutoka Garsen mpaka Malindi.